Chora mti, futa kamusi: sanaa mbili za mwenye macho

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Sisi watu wa pwani twaipenda methali hiyo, twaitumia barazani na twaisoma kwenye leso. Lakini hebu tujaribu kuielekeza kwa nafsi zetu. Mchukue mtu ambaye kwa miaka kumi amekuwa akipita Moi Avenue mjini Mombasa, asubuhi akienda kazini na jioni akirudi. Mwulize: pale Uhuru Gardens, kando ya zile Pembe za Ndovu, pana miti ya namna gani? Matawi yake yameanzia juu au chini? Jioni kivuli chake huangukia upande gani? Si ajabu ukamwona anajikuna kichwa, kisha akacheka na kusema, "Wallahi, sijapatazama!"

Na maneno nayo ni vivyo hivyo. Twayasema tangu alfajiri hadi usiku, lakini ni wachache kati yetu wanaosimama kidogo wakaliangalia neno moja, wakaligeuza huku na huku kama mnunuzi wa embe sokoni. Mti tunaupita na neno tunalipita. Siku mti unapokatwa, au neno linapokufa pamoja na bibi aliyekuwa akilitumia, ndipo tunaposhtuka.

Leo, ndugu msomaji, tutazungumza juu ya sanaa mbili ndogo ambazo zinatibu ugonjwa huo wa kuona bila kutazama. Ya kwanza ni kuchora bustani za mji ukiwa umeketi papo hapo bustanini. Ya pili ni kutunga shairi kwa kufuta maneno katika ukurasa wa kamusi. Kwa mtazamo wa kwanza utadhani hazina uhusiano wowote. Lakini ukizifuata utaona kuwa ni dada wa tumbo moja: hakuna hata moja inayoongeza kitu duniani. Zote mbili zinakufunza kukiona kilichopo tayari.

Kuketi na kutazama

Kuchora nje si jambo jipya. Hata hivyo, katika zama hizi limepata nguvu upya. Mwaka 2007 Gabriel Campanario, mwandishi na mchoraji wa gazeti mjini Seattle, Marekani, alianza kuwakusanya pamoja watu wanaochora miji yao. Kundi hilo liliitwa Urban Sketchers, na leo lina wafuasi katika miji mingi ya dunia. Sharti lao kubwa ni moja: usichore kutoka kwenye picha ya kamera, bali uchore ukiwa mahali penyewe, jua likuone nawe ulione.

Pengine utauliza, ya nini taabu hiyo ilhali kila mtu siku hizi ana simu yenye kamera mfukoni? Jibu ni kwamba kamera huchukua picha kwa muda wa kupepesa jicho, na mwenye kamera akaenda zake bila kutazama. Penseli haina haraka hiyo. Anayechora mbuyu lazima aketi nusu saa na mbuyu. Katika nusu saa hiyo ataona kwamba shina lake si duara bali lina mikunjo kama ngozi ya goti la tembo, na kwamba matawi yake ni membamba mno ukilinganisha na mwili. Atamwona pia mzee aliyekuja kupumzika hapo, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, na watoto walioufanya mzizi kuwa farasi.

Vifaa havina gharama. Penseli moja ngumu kiasi na nyingine laini, raba, daftari lisilo na mistari, na kipande cha ubao cha kulazia karatasi. Hayo yatosha. Kabla hujagusa karatasi, keti dakika tano ukitazama tu. Kisha finya macho kidogo mpaka vitu vidogo vidogo vipotee, yabaki maumbo makubwa ya giza na mwanga. Hayo ndiyo ya kuchora kwanza. Majani hayachorwi moja moja. Ukianza na majani utazeeka hapo na mti haujapatikana.

Kupima urefu, nyosha mkono, funga jicho moja, na uishike penseli wima mbele yako. Ncha ya penseli iguse kilele cha mti, na ukucha wa kidole gumba uonyeshe mwisho wa shina. Sasa bila kukunja mkono, linganisha kipimo hicho na upana wa mti. Utashangaa. Macho yetu hutudanganya sana, na mti tuliodhani ni mrefu kumbe upana wake ni zaidi ya kimo chake.

Kila mti una tabia yake. Mkungu hutandaza matawi ngazi kwa ngazi, kama trei zilizopangwa moja juu ya nyingine, na majani yake huwa mekundu kabla ya kuanguka. Mvinje una majani membamba kama nyuzi, hivyo huchorwa kwa mistari milaini inayoning'inia. Mwembe ni kama kuba, giza tupu ndani yake. Mnazi hauchorwi wima kama mlingoti, kwani minazi mingi ya ufukweni ina mpindo wake, na mpindo huo ndio unaoutambulisha.

Kivuli na saa ya alasiri

Jambo linalowasumbua sana wanaoanza ni kivuli. Hapa kwetu jua la adhuhuri husimama karibu na utosi, vivuli hufupika vikajificha chini ya vitu vyenyewe, na bustani nzima huonekana bapa kama sinia. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni.

Katika hili Mwislamu wa pwani hana haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Kabla ya saa za mkononi kuenea, wazee wetu walijua nyakati za sala kwa kutazama kivuli. Jua likishapinduka kutoka katikati ya mbingu, adhuhuri imeingia. Kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa juu kabisa, basi alasiri imeingia. Hiyo ni elimu ya kutazama kwa makini, na ndiyo hiyo hiyo anayoihitaji mchoraji. Mwenye kuizoea hugundua pia kwamba hapa Mombasa, mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini kwa kuwa jua limesogea kaskazini, na mwezi wa Disemba mambo hugeuka. Mti ule ule, bustani ile ile, lakini mchoro wa Juni si mchoro wa Disemba.

Na hapa yafaa tulijibu swali ambalo bila shaka limeshamjia msomaji: je, kuchora kunafaa katika dini? Kuhusu taswira za viumbe vyenye roho wanavyuoni wamezungumza mengi, na mwenye kutaka hukumu kamili akamwulize shekhe wake. Lakini kuhusu miti, njia iko wazi zaidi. Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imepokewa habari ya mtu aliyekuwa akijipatia riziki kwa kutengeneza taswira, akamwendea Ibn Abbas, radhi za Allah zimshukie. Baada ya kumwonya, Ibn Abbas alimwelekeza kwamba ikiwa hana budi, basi atengeneze miti na vitu visivyo na roho. Na atakayeuona Msikiti Mkuu wa Damascus, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 8 katika zama za khalifa Al-Walid, ataona kuta zilizopambwa kwa vipande vidogo vidogo vya rangi: miti mikubwa, mito na majumba, bila mtu wala mnyama hata mmoja. Kwa hivyo mwenye kuona vizuizi, bustani inamtosha. Achore mti, benchi, lango na bahari iliyo nyuma yake, na mzee aliyeketi hapo amwache na Mola wake.

Mchoro hudai majina

Sasa twende kwenye kamusi, na njia ya kutufikisha huko ni mnazi.

Ukiketi kuuchora mnazi, muda si muda penseli itakuuliza maswali. Hiki kitambaa kigumu chenye nyuzi kilichokumbatia shina la kuti kinaitwaje? Kinaitwa kilifu. Na hili ganda refu lililofunika maua kabla hayajachanua? Ni karara. Na haya matunda yaliyopangana, madogo kwa makubwa, yote ni nazi? La hasha! Kuna kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo ije nazi yenyewe. Kijana wa leo anayejua "nazi" na "dafu" tu, akichora atachora mipira tu. Anayeyajua majina ataona umri wa kila tunda.

Mtu aliyelifahamu hili kuliko wengi ni marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017. Watu wengi wanamkumbuka kwa maneno mapya aliyoyaunda, kama runinga na tarakilishi. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuyaokoa maneno ya kale. Mwaka 1979 ulichapishwa utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, unaoeleza ujenzi wa jahazi pamoja na majina ya sehemu zake, na mwaka 1985 ukachapishwa Umbuji wa Mnazi, unaosifu mnazi na manufaa yake. Alifanya kwa ushairi kile ambacho mchoraji hufanya kwa penseli: alizunguka kitu kizima, asiache sehemu bila kuitaja.

Basi mchoraji anarudi nyumbani na daftari lake, na pembeni ya mchoro ana maswali ya majina. Huifungua kamusi. Na hapo ndipo sanaa ya pili inapoanzia.

Shairi lililofichwa

Ukurasa wa kamusi ni mahali pa ajabu. Maneno yaliyomo humo hayakupangwa kwa maana bali kwa herufi, hivyo tajiri hulala na maskini, na mbingu hukaa jirani na mboga. Kidaka cha mnazi kinakaa bega kwa bega na kidaka cha ukutani, yaani lile tundu la kuwekea vyombo ambalo hupamba kuta za nyumba za kale za Lamu. Mtu anayesoma kamusi bila haraka hukuta mashairi yaliyojiandika yenyewe.

Mwaka 1965 msanii mmoja wa Marekani, Doris Cross, alichukua kamusi ya shule ya Webster ya mwaka 1913, akaanza kuzifanyia kazi safu zake za maneno. Alipaka rangi juu ya sehemu kubwa ya safu na kuacha maneno machache yakionekana, na yale yaliyobaki yakasema kitu ambacho kamusi haikukusudia kukisema. Mwaka uliofuata, mjini London, msanii Tom Phillips alinunua kwa bei ya senti chache riwaya ya zamani ya mwaka 1892 iliyoandikwa na W. H. Mallock. Akaichora na kuipaka rangi ukurasa baada ya ukurasa, akiacha maneno yake yaelee kama visiwa. Kazi hiyo aliyoiita A Humument aliifanya kwa karibu miaka 50, na toleo la mwisho lilitoka mwaka 2016.

Na si mchezo wa kujifurahisha tu. Mwaka 2008 mshairi M. NourbeSe Philip, mzaliwa wa Tobago anayeishi Kanada, alitoa kitabu kiitwacho Zong! Mwaka 1781 nahodha na mabaharia wa meli ya watumwa iliyoitwa Zong waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130, kisha wenye meli wakadai walipwe fidia ya bima kama kwamba wamepoteza mizigo. Kumbukumbu ya kesi hiyo ni fupi na baridi kama barafu. Philip aliichukua, akayavunja maneno yake na kuyatawanya juu ya karatasi, mpaka maandishi ya wanasheria yakaanza kulia sauti ya wale waliozama. Kwa watu wa mwambao huu, ambao bahari yetu nayo ilibeba majahazi ya watumwa, kazi kama hiyo haihitaji maelezo marefu.

Jinsi inavyofanywa

Kanuni za shairi la kufuta ni tatu. Usiongeze neno. Usibadili mpangilio, kwani linalotangulia katika ukurasa litangulie pia katika shairi. Na usifute kabla hujausoma ukurasa wote mara tatu, kalamu ikiwa chini.

Tuchukue mfano. Maelezo haya tumeyaandika wenyewe kwa mtindo wa kamusi, ili tusiharibu kitabu cha mtu:

"Uwanja, nomino. 1. Mahali peupe palipo wazi, hasa mbele ya nyumba au katikati ya mji, ambapo watu hukutana, watoto hucheza na wazee hupumzika. 2. Eneo lililotengwa kwa shughuli maalumu kama vile mpira, maonyesho au kutua kwa ndege. 3. Nafasi ya kufanya au kusema jambo: Mpe uwanja aseme."

Hayo ni maelezo makavu, kazi yake ni kueleza na kunyamaza. Sasa chukua kalamu nyeusi, ufiche yasiyohitajika. Haya ndiyo yaliyobaki:

palipo wazi
katikati ya mji
watu hukutana
watoto na wazee
kama kutua kwa ndege

Ndege wa chuma aliyekuwa akitua katika uwanja wake amegeuka ndege wa manyoya, anayeshuka bustanini jioni pamoja na watu. Hatukuongeza hata herufi moja. Picha hiyo ilikuwamo tangu mwanzo, imefunikwa na maneno mengine.

Ndiyo maana tumesema sanaa hizi ni ndugu. Mchoraji hufinya macho ili majani yapotee na umbo la mti libaki. Mfutaji wa kamusi hufuta maneno ili umbo la shairi libaki. Hakuna mchoraji anayechora kila kitu. Kuchora ni kuchagua cha kuacha.

Adabu ya kitabu izingatiwe. Usifute kamusi ya maktaba wala ya shule, kwani hiyo ni mali ya watu wote. Piga nakala ya ukurasa, au nakili maelezo kwa mkono. Na ukurasa wenye jina la Mwenyezi Mungu au la Mtume, au wenye aya iliyotolewa mfano, uachwe ulivyo. Karatasi kama hizo hazichezewi wala hazitupwi ovyo, na kila aliyekwenda chuoni utotoni analijua hilo.

Vina na mizani viko wapi?

Tunawasikia malenga wetu wakinong'ona: hilo nalo ni shairi? Vina viko wapi? Mizani iko wapi? Hoja yao ni nzito, na si ngeni. Miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, wapenzi wa ushairi walivutana vikali juu ya shairi lisilofuata arudhi. Mji uliowalea Muyaka bin Haji na Ahmad Nassir Juma Bhalo hauwezi kuambiwa kwamba vina ni pingu.

Nasi hatusemi hivyo. Shairi la kufuta halikuja kumwondoa malenga kwenye kiti chake. Ni jiwe la kunolea kisu. Kijana anayeambiwa "tunga shairi" hukaa mbele ya karatasi tupu na kutoka jasho. Lakini kijana anayeambiwa "tafuta shairi lililofichwa humu" huanza kazi mara moja, na huku akitafuta anajifunza uzito wa kila neno. Akishalipata wazo, na alipeleke kwenye tarbia.

Tuonyeshe kwa vitendo. Maelezo ya pili, nayo ni yetu wenyewe:

"Kivuli, nomino. 1. Giza linaloonekana upande wa pili wa kitu kilichozuia mwanga wa jua, kama vile ukuta au mti. 2. Mahali pa kujikinga na jua: Mzee ameketi kivulini. 3. Kwa mafumbo, kitu kilichokuwa na nguvu zamani kikabaki jina tu: Mji huu sasa ni kivuli."

Yakifutwa, hubaki haya:

mti
mahali pa mzee
zamani
jina tu
mji huu sasa

Na wazo hilo likivishwa kanzu ya vina, mizani minane kwa minane, laweza kuwa hivi:

Chini ya mti mjini, wazee wana kivuli,
Na watoto uwanjani, waja mbio toka mbali,
Ukikatwa mashinani, jina hubaki, si mwili,
Tuuchore vitabuni, na tuutunze asili.

Malenga atatuambia kama beti hiyo imekaa sawa. Lakini chanzo chake kilikuwa mistari mitatu ya maelezo makavu na kalamu nyeusi.

Jina hubaki, si mwili

Na hapa, ndugu msomaji, ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. Tazama majina ya mitaa yetu: Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Mwembe Tanganyika. Kule Lamu, mbele ya ngome, pana Mkunguni. Miji yetu ilijiita kwa miti yake. Mtu alipouliza njia, alielekezwa kwa mti. Jiulize leo, ukisimama katika mtaa wenye jina la mwembe, waweza kuonyesha mwembe wenyewe? Na asipoweza mtoto wako kuuona, jina hilo kwake ni sauti tu, kama neno la kamusi lililofutwa maelezo yake yote.

Kalamu nyeusi ya mshairi hufuta maneno ili kitu kionekane. Lakini ipo kalamu nyingine inayofuta viwanja ili visionekane tena. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilitoa ripoti yake mwaka 2004, na humo ilionekana jinsi ardhi ya watu wote nchini Kenya ilivyokuwa ikigeuzwa mali ya wachache. Hakuna kishindo kikubwa katika ufutaji wa namna hiyo. Ua linawekwa, mti unakatwa, na baada ya miaka michache hakuna anayekumbuka kwamba hapo palikuwa peupe.

Mfano wa kuponea chupuchupu ni Uhuru Park ya Nairobi. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga hapo jengo la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai alisimama akapinga, akaandika barua huku na huku, akatukanwa na kudhihakiwa, lakini mwishowe mpango ule ulikufa na bustani ikabaki. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Siri ya ushindi wake ni nini? Aliyaona mapema yale ambayo wapita njia hawakuyaona, na akayasema kwa sauti.

Hapa kwetu pia pana la kutia moyo. Machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yalikuwa jangwa jeupe la matumbawe, hata nyasi haimei. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje humo, udongo ukatengenezeka pole pole kutokana na majani yaliyoanguka, na leo pahali hapo ni msitu unaoitwa Haller Park kwa jina lake. Mji unaweza kufutwa, na unaweza pia kuandikwa upya.

Hatusemi kwamba penseli itazuia tingatinga. Lakini mchoro wenye tarehe, saa na jina la mahali pembeni yake ni ushahidi. Unasema: siku fulani, baada ya alasiri, mti huu ulikuwapo, kivuli chake kilifika hapa, na watu walikuwa wakiketi chini yake. Na mji wenye vijana mia wanaojua bustani zao mti kwa mti si rahisi kuporwa usiku.

Kazi ya mwalimu na ya mzazi

Walimu wa Kiswahili na wa sanaa wangeweza kushirikiana katika jambo hili bila gharama. Asubuhi moja watoto wapelekwe Mama Ngina Waterfront, ile bustani ya ufukweni iliyofunguliwa upya mwaka 2019, au Treasury Square, au hata penye mti mmoja nyuma ya darasa. Kila mtoto achague mti na auchore, kisha aandike majina ya sehemu anazozijua, na alama ya kuuliza penye sehemu asizozijua. Maswali hayo ayapeleke kwanza kwa bibi na babu, na baadaye kwenye kamusi. Utaratibu huo tusiugeuze, kwani kuna maneno ambayo bado yamo vinywani mwa wazee tu.

Baada ya hapo apewe nakala ya ukurasa wenye neno alilolitafuta, na kalamu nyeusi. Kamusi si haba. Ipo ile ya Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Humo Kimvita cha wakati huo kimejaa tele. Ipo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na zimefuata nyingine kadhaa. Mtoto atakayefuta ukurasa mmoja atakuwa amesoma ukurasa mmoja wa kamusi kuanzia juu hadi chini. Ni wangapi kati yetu watu wazima waliowahi kufanya hivyo?

Mzazi naye asione kwamba mtoto anapoteza wakati. Mtoto anayeweza kukaa nusu saa kimya mbele ya mkungu, bila simu, amejifunza subira ambayo haiuzwi dukani. Na yule anayeweza kuchagua maneno matano kati ya hamsini amejifunza kuchunga ulimi.

Basi Jumamosi hii, jua likishapoa, chukua penseli na daftari, uende kwenye uwanja ulio karibu nawe. Tafuta mti ambao umekuwa ukiupita bila salamu. Keti chini yake, utazame kivuli chake kikirefuka, na ukiisha kuuchora uulize jina lake kwa mtu mzima aliye karibu. Huenda akawa na maneno mawili matatu zaidi juu yake, na daftari bado lina nafasi.